Sifuri ya mbele, au nilivyoingia kwenye programu huria kwa mlango wa nyuma

Kilichoniingiza kwenye programu huria ni sifuri. Mwaka 2019 nilikuwa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nikiwasimamia vijana kumi na wawili waliozunguka vijijini na simu zao kuhesabu visima na kuandika hali ya kila pampu. Kila fomu ilikuwa na namba ya simu ya mlezi wa kisima. Ijumaa nikishusha takwimu kwenye laptopu na kuzifungua, nakuta namba zote zimekatwa kichwa: 0772 imekuwa 772, 0701 imekuwa 701. Nakaa nazirudishia sifuri moja moja mpaka macho yanauma. Wiki ya sita nikasema potelea mbali, programu hii ni mbovu, na wenyewe nitawaambia.

Ilikuwa programu huria, yaani msimbo wake, yale maandishi ya maagizo yanayoiunda, uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuunakili na kuubadilisha kwa masharti ya leseni yake. Hilo nililijua. Nisichokijua ni namna ya kuzungumza na hao wenyewe.

Mimi nimekulia kambi ya polisi, Nsambya, Kampala. Kiswahili changu ni cha kambini na adabu yangu ni ya kambini: ukimwendea mkubwa unasimama wima, unamsalimu, ndipo unataja shida. Basi ripoti yangu ya kwanza ilianza na "Dear Sir", ikaulizia afya yake na ya watu wa nyumbani, ikapongeza kazi nzuri, na mwisho kabisa sentensi moja: namba za simu zinaharibika, naomba msaada wa haraka. Aliyenijibu alikuwa mwanamke. Alinishukuru, kisha akaniuliza mambo manne. Unatumia toleo gani? Simu ya aina gani? Umebonyeza nini, hatua kwa hatua? Na faili hiyohiyo ukiifungua kwa programu ya maandishi matupu, si ya majedwali, sifuri ipo au haipo?

Nikaifungua. Sifuri ilikuwepo, imekaa mahali pake. Programu ya majedwali ndiyo iliyoiona 0772 ikadhani ni hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi, ikaifuta. Wiki sita nilikuwa namsingizia asiyehusika.

Niliona aibu, lakini mama yule hakunicheka. Aliandika kwamba sikuwa wa kwanza kukwama hapo, na kwamba mwongozo wao hausemi lolote kuhusu jambo hilo. Je, ningependa kuandika aya moja ya kueleza jinsi ya kuiingiza safu ya namba za simu kama maandishi? Nikaandika mistari sita, nikaituma, siku tisa baadaye ikaingizwa. Huo ndio mchango wangu wa kwanza. Hauna hata mstari mmoja wa msimbo, na mpaka leo nadhani ndio uliosaidia watu wengi kuliko mingine yote niliyotuma.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi, namuuliza kwanza anatumia nini na kinamuudhi nini. Wengi huanza upande wa pili: wanafungua GitHub, tovuti inakowekwa miradi mingi ya programu huria, wanatafuta mradi maarufu, wanachuja zile kazi zenye lebo ya "good first issue", yaani zinazomfaa mgeni, wanaandika "please assign me", nipeni mimi, chini ya tano kwa mpigo, halafu wanakaa kusubiri. Lebo hiyo si mbaya. Tatizo ni kwamba wanaoiona ni maelfu, na wewe huna unachokijua kuhusu programu hiyo ambacho mwenzako wa Hyderabad au São Paulo hakijui. Ila kuhusu kisima cha Arua, simu ya bei nafuu iliyopasuka kioo, mtandao unaokuja na kuondoka, na namba inayoanza na sifuri, hapo wewe ndiye mtaalamu.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kuzitafuta programu huria. Wizara ya Afya ya Uganda hukusanya takwimu za vituo vya afya kwa DHIS2, programu huria iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. UgandaEMR, inayotunza rekodi za wagonjwa kwenye vituo vingi vya serikali, imejengwa juu ya OpenMRS, mradi huria wa rekodi za wagonjwa ulioanza 2004. Asiyejua kuandika msimbo kabisa ana OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea: njia ya bodaboda unayopita kila siku huenda haimo kwenye ramani, na kuichora hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Turudi kwangu, kwa sababu baada ya ile mistari sita nilivimba kichwa. Nilikuwa nimejifunza Java, lugha ya kuandikia programu, kidogo nikiwa chuo, nikaona sasa nawaonyesha. Nilikaa majuma matatu nikipanga upya sehemu nzima ya programu ambayo, kwa maoni yangu, ilikuwa imeandikwa ovyo. Mistari 400 na kitu. Nikatuma bila kumuuliza mtu. Ilikataliwa kwa sentensi mbili za heshima: hawana mpango wa kuigusa sehemu hiyo sasa, na badiliko kubwa namna hiyo huzungumzwa kwanza. Nilikasirika siku tatu. Leo mimi mwenyewe husoma mabadiliko ya wengine kwenye mradi huo, na nakiri kwamba kusoma mistari 400 ya mtu usiyemjua, usiku, baada ya kazi inayokulipa, ni mzigo mzito kuliko kuiandika. Siku hizi imezidi: watu wanatuma vitu vilivyoandikwa na akili unde ambavyo wao wenyewe hawajavisoma. Ukiuliza "kwa nini hapa umefanya hivi?" jibu linakuja kurasa mbili, na halijibu.

Badiliko langu lililofuata lilikuwa la mistari 14. Liliweka chaguo la kuhamisha takwimu kwenye jedwali huku safu ya simu ikiwa imetiwa alama ya maandishi tangu mwanzo, ili mtu wa Arua asihitaji kusoma ile aya yangu. Lilirudi na maoni 23. Badilisha jina hili. Hapa je, kama namba haikujazwa? Jaribio liko wapi? Nafasi moja imezidi mwisho wa mstari. Mengine yalitanguliwa na neno "nit", ambalo kwa Kiingereza ni yai la chawa: wanamaanisha kasoro ndogo kiasi hicho, ukitaka itoe, usipotaka hatugombani. Mimi sikujua. Nilidhani wote wamekaa kikao kunidhalilisha. Kwetu mtu akikukosoa mara 23 mbele za watu, ujue kuna ugomvi wa shamba nyuma yake.

Hakuna ugomvi. Wanakosoa mistari, na mtu aliyeweka maoni 23 ametumia labda saa nzima ya maisha yake juu ya kazi yako. Jibu kila oni, hata kwa "nimebadilisha" tu. Usilokubaliana nalo, sema na utoe sababu. Mimi nilikataa mawili na moja wakanikubalia. Kitu ambacho hupaswi kufanya ni kunyamaza. Salamu pia usiziache kabisa, ila ziwe "habari" moja kisha shida yenyewe. Adabu ya huko ni kumpunguzia mwenzako kazi ya kukuelewa.

Sasa niseme la Kiswahili, maana hapa ndipo ninapojivuna. Mwaka uliofuata niliomba kutafsiri maneno ya programu. Nilikuta mtu aliyetangulia ameandika kitufe cha kuhifadhi fomu, "Save" kwa Kiingereza, kuwa "Okoa". Nawaza alitumia mashine ya kutafsiri. Vijana wangu wa Arua walicheka mpaka wakakaa chini: "Bosi, nikibonyeza hapa naokoka?" Hapa Uganda, palipojaa walokole, utani huo haukuisha wiki nzima. Nikaweka "Hifadhi", na hilo lilikuwa jepesi.

Gumu lilikuwa ujumbe wa juu ya skrini, ule unaotaja vitu vipya vilivyoingia. Msimbo uliuunga vipandevipande: namba, jina la kitu, na neno moja la "mpya" lililotafsiriwa mara moja tu kwa vitu vyote. Kwa Kiingereza inakwenda. Kwa Kiswahili unapata "fomu 3 mpya", sawa, kisha "visima 3 mpya" na "walezi 3 mpya", kama mtoto anayejifunza kuongea. Nikaeleza kwamba kwetu sifa hufuata ngeli ya nomino: fomu mpya, visima vipya, walezi wapya. Mmoja akajibu kwamba tayari wanatumia kanuni za umoja na wingi za Unicode, shirika linaloweka viwango vya kuandika lugha za dunia kwenye kompyuta. Kweli, na Unicode ina hata kitambulisho cha Kiswahili cha Uganda, sw_UG, kando ya cha Tanzania, Kenya na Kongo. Lakini kanuni hizo zinatofautisha kimoja na vingi tu. Hazijui kwamba kisima na mlezi hawako ngeli moja. Dawa ilikuwa kuacha kuunga vipande, kila ujumbe upewe mtafsiri ukiwa sentensi kamili. Mjadala ulichukua miezi miwili. Walipokubali, aliyetafsiri Kiluganda alinishukuru, maana naye alikuwa na ngeli zake zinamsumbua. Kundi zima la wahandisi hodari lisingeliona hilo, kwa kuwa hawana lugha inayoumia.

Kuhusu gharama, nitasema haraka. Bando ni ghali, na historia ya mradi mkubwa inaweza kukumalizia lote kabla hujasoma mstari wa kwanza. Tumia git clone --depth 1, amri ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo; utashusha hali ya sasa tu bila miaka kumi ya nyuma. Kama ni programu ya Android, vile vifaa vya kuijengea ni gigabaiti kadhaa. Vishushie chuoni au ofisini kwa rafiki, usijaribu kwa bando la siku. Uzuri ni kwamba Git haihitaji mtandao kuhifadhi mabadiliko. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchini wakati wa uchaguzi, nilikuwa na badiliko linalosubiri majibu yangu. Nilifanya masahihisho yote gizani, na mtandao uliporudi baada ya siku kama tano nikayatuma kwa mkupuo. Nilikuta ujumbe: bado upo? Nikaeleza kwa sentensi moja. Ukijua utapotea, aga.

Baba yangu, askari mstaafu, aliniuliza swali moja tu kuhusu haya yote: "Wanalipa ngapi?" Nikamwambia hawalipi. Akanyamaza, akakoroga chai, akasema, "Basi ni kazi ya jamaa." Sikumlaumu. Mtu mwenye kodi ya nyumba na ada za wadogo zake hawezi kula shukrani, nami simshauri yeyote aache kibarua kwa ajili hii. Kuna njia za malipo, mipango inayowalipa wanaoanza kuchangia programu huria: Google Summer of Code, iliyoanza 2005, na Outreachy, inayolipa dola 7,000 kwa miezi mitatu, huku ikiwalenga wale ambao sekta hii imewaacha nyuma. Outreachy haichagui mtu bila kuona alichochangia, kwa hiyo anza kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Kwangu malipo yalikuja kwa kupinda: kwenye usaili wa kazi niliyonayo sasa Kampala walifungua yale maoni 23 na kusoma nilivyoyajibu. Vyeti vyangu hawakuviulizia mpaka wiki ya pili. Ila soma mkataba wako kwanza. Waajiri wengine huhesabu kila unachoandika kuwa mali yao.

Juzi kijana mmoja wa wale wa Arua alinitumia picha ya skrini. Kwenye ukurasa ambao sote tuliusahau bado imeandikwa "vituo 2 mpya". Akaniomba nirekebishe. Nikamjibu akaunti ya bure anaweza kufungua mwenyewe, picha anayo, toleo analijua, ngeli anaijua. Akakaa kimya kama dakika kumi, kisha akauliza: "Nianze na Dear Sir?"