Kamera Juu ya Kitanda cha Baba

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu ana miaka 78, amefanyiwa upasuaji wa nyonga na bado yuko wodini. Juzi wameweka kamera ukutani, inamtazama kitandani mchana na usiku. Nilitia saini karatasi lakini sikuelezwa mengi. Baba ni mtu wa haya sana, hata sisi watoto wake hatumwoni bila shati, na sasa anaogeshwa pale pale kitandani. Ni nani anayemtazama? Na kamera ikishakuwepo, wauguzi si watabaki kukaa mezani kwao?
Binti yake

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na heshima ya baba, maana ndiyo iliyokufanya uandike. Mitambo ya namna hii huwa na sehemu ya kufunga picha. Muuguzi anapokuja kumwogesha, kumbadilisha nguo au kumwekea choo cha kitandani, picha hufungwa, na mtazamaji hubaki na skrini tupu mpaka ifunguliwe tena. Lakini kitufe kuwepo si sawa na kubonyezwa. Mwombe muuguzi wa zamu akuonyeshe picha inafungwaje na ni nani mwenye kazi ya kuifunga. Asipojua, nenda kwa muuguzi mkuu wa wodi. Uliza pia kama picha zinahifadhiwa. Mingi ya mitambo hii huonyesha moja kwa moja bila kurekodi. Kama wa kwenu unarekodi, unastahili kujua picha zinakaa muda gani na nani anaruhusiwa kuzifungua. Na baba mwenyewe aelezwe! Kama akili yake iko timamu, ruhusa ni ya kwake kutoa, wewe humtolei.

Anayemtazama yuko chumba kingine, pengine hata jengo jingine, mbele ya skrini yenye wagonjwa kadhaa, mara nyingi hadi 12 kwa wakati mmoja. Si lazima awe muuguzi. Wengi ni wasaidizi waliofunzwa kazi hiyo. Nimekaa nao zamu za usiku na ninawaheshimu. Mara nyingi mgonjwa haanguki bila dalili. Shuka linaanza kusogea, mguu mmoja unatafuta ukingo wa kitanda. Au mkono unakwenda kwenye plasta ya dripu, ukucha unaanza kuibandua taratibu kwenye pembe. Mtazamaji aliyezoea hangoji zaidi ya hapo. Anafungua spika: "Baba, usiinuke kwanza, muuguzi anakuja," na huku tayari anampigia muuguzi wa wodi. Mgonjwa asipotulia, anawasha kengele ya dharura mle chumbani, na yeyote aliye karibu anakimbilia huko. Gizani pia wanaona, kwa kuwa kamera hizi hutumia mwanga wa infraredi ambao jicho la mtu haliuoni, kwa hiyo haimkoseshi baba usingizi.

Sasa kwa nini yeye? Wagonjwa wengi wanaoanguka hospitalini huwa peke yao, na mara nyingi walikuwa wanakwenda chooni. Mfikirie mzee wa nyonga saa tisa usiku: dawa ya maumivu imemlegeza, presha inashuka akisimama ghafla, kitanda kiko juu zaidi kuliko alichozoea, na mkojo umembana. Anamwona muuguzi wa zamu, binti wa umri wa mjukuu wake, na anaona aibu kumwita. Anajaribu mwenyewe. Mwanangu, mtu wa haya kama baba yako ndiye hasa asiyebonyeza kengele, na mimi naogopa zaidi hilo kuliko kamera. Leo hii waambie wauguzi kwamba baba haombi. Wampitie wamuulize habari ya choo kabla hajabanwa, hasa kabla ya kulala. Kama yupo muuguzi wa kiume kwenye zamu, omba awe yeye. Miwani, maji na kengele viwe mahali mkono wake unapofika bila kujinyoosha.

Wape pia jina analozoea kuitwa, liandikwe kwa mtazamaji. Wazee wengine huchanganyikiwa usiku baada ya upasuaji, na sauti ngeni ikitoka ukutani inaweza kuwatisha wakazidi kuhangaika. Ukiona anazungumza na ukuta au anajificha kwa kamera, sema mara moja. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji mtu wa kukaa naye. Vivyo hivyo mgonjwa mwenye mawazo ya kujiua: huyo asiachiwe kamera, akae naye mtu aliye karibu kiasi cha kumshika.

Kuhusu wauguzi kukaa mezani, wasiwasi wako una msingi. Kamera haimshiki mtu anayeanguka. Kati ya mtazamaji kuona na muuguzi kufika kuna sekunde chache, na kama wodi nzima ina wauguzi wawili walioshikwa na wagonjwa wengine, baba ataanguka huku anaonekana vizuri kabisa. Waulize wazi: kengele ikilia usiku, nani anakwenda, na anatokea wapi?

SWALI: Dada, mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Tulipowekewa kamera, wasaidizi waliokuwa wakikaa na wagonjwa wakaondolewa, na msimamizi sasa anazitumia kuhesabu dakika tunazokaa kwa kila mgonjwa. Nifanye nini?
Muuguzi aliyechoka

JIBU: Dada yangu, pole, na usinyamaze. Kufuatilia wagonjwa kwa mbali kulianza zamani. Mwaka 2000, Norfolk, jimbo la Virginia nchini Marekani, madaktari na wauguzi walianza kufuatilia wagonjwa mahututi wakiwa kwenye kituo cha mbali, na wauguzi wa wodini walibaki kando ya vitanda vya wagonjwa. Ile ilikuwa jozi ya pili ya macho. Anayetumia kamera kupunguza mikono anafanya kazi nyingine kabisa, na mgonjwa ndiye anayeumia.

Kuhusu kuhesabiwa dakika, omba utaratibu wa maandishi unaosema kamera ni ya nini na nani anaruhusiwa kutazama. Mgonjwa alikubali kutazamwa ili asianguke, hakukubali awe kipimo cha kazi yako. Halafu kila zamu andikeni kwenye kitabu cha makabidhiano: mtazamaji aliita saa ngapi, muuguzi alifika saa ngapi, na alikuwa anafanya nini alipoitwa. Usiandike peke yako. Wenzako wote waandike, kisha mpelekeni mkuu wa uuguzi kurasa hizo pamoja na idadi ya wagonjwa mliokuwa nao usiku huo.