Umri wa kiongozi wa skauti: mambo ya kuweka sawa kabla hujashika kundi

Kwenye kundi la skauti la sekondari yenye kidato cha kwanza hadi cha sita hapa Tabora, mstari mmoja unaweza kuwa na mtoto wa miaka 13 na kijana wa miaka 19, wote wamevaa skafu ileile. Kiongozi mgeni huwachukulia wote kuwa wanafunzi, akaendelea na gwaride. Hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo yule wa miaka 19 ni mtu mzima, hata kama bado anasubiri mtihani wa kidato cha sita.

Kazi yako ya kwanza, kabla ya mafundo na nyimbo, ni daftari la umri. Piga safu nne: jina, tarehe ya kuzaliwa, hati uliyoiona kwa macho yako, na tarehe atakayotimiza 18. Usiandike "miaka 17", kwani baada ya miezi michache maandishi hayo yanakudanganya. Anza na cheti cha kuzaliwa, kisha linganisha na rejesta ya shule. Tarehe hizo zinaweza kupishana, hasa kwa waliokatiwa cheti wakiwa wakubwa. Zikipishana, na moja inasema ameshafikisha 18, shika pande zote mbili za tahadhari: asihesabiwe mlezi, na asilale hema moja na wadogo, mpaka hati zirekebishwe.

Suala la mahema ndilo linalopuuzwa zaidi. Kundi likienda kambi na mahema machache, kiranja wa miaka 18 hupangwa na watoto wa kidato cha kwanza "awaangalie usiku". Usikubali. Mpe hema na wenzake wa umri wake, na kama mahema hayatoshi, punguza idadi ya watoto mnaokwenda. Uingereza, kadeti wa jeshi la anga (kijana wa chama cha vijana chenye sare, si askari) anaweza kubaki kadeti hadi atimize miaka 20, lakini akishafika 18 anahesabiwa mtu mzima kwenye taratibu za kulinda watoto. Sare haibadiliki, wajibu unabadilika. Mpango huo unafaa kabisa kuigwa huku.

Je, kijana wa miaka 18 anafaa kuwa kiongozi? Anafaa kusaidia, na asaidiwe. Kisheria ni mtu mzima, ila jana tu alikuwa anacheza na hao anaowaongoza, na kuwakatalia rafiki zake ni kazi ngumu. Mweke chini ya kiongozi mzoefu kwa muhula mzima. Kwenye safari, watu wazima wasipungue wawili, na yeye awe wa tatu. Akitaka kupanda kuwa kiongozi kamili, tunashauri alete nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa na majina ya wadhamini wawili wasio ndugu zake. Wapigie simu wadhamini hao kweli. Barua peke yake haitoshi.

Upande wa wazee, makundi mengi huchanganya mambo. Mwalimu wa serikali anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, basi siku hiyo hiyo anavuliwa hata uongozi wa skauti. Kustaafu ajira na kujitolea ni vitu viwili. Muulize anaweza nini: matembezi ya usiku porini yanahitaji macho na magoti, lakini kutunza hazina, kukagua vifaa vya kambi na kufundisha huduma ya kwanza havihitaji kukimbia. Mpe jukumu jipya kwa maandishi, lenye tarehe ya kulipitia upya kila mwaka. Na kama yeye ndiye mwenye funguo za stoo na daftari la fedha, makabidhiano yafanyike mbele ya mwalimu mkuu, kitu kwa kitu, kabla hajahama kwenda kijijini kwake Urambo au Sikonge.