Maswali yenu kuhusu matetemeko: tope la Mexico, madaraja na ringi za nguzo

Tangu nilipoandika kuhusu nyumba zilizopasuka Kagera, maswali hayajakoma. Leo najibu yale yanayojirudia zaidi.

Japani wana kanuni nzuri za ujenzi. Kwa nini tusizichukue kama zilivyo? (Msomaji, Mwanza)

Kwa sababu kanuni ina pande mbili. Upande mmoja unaeleza jengo lisukwe vipi ili lisiwaangukie watu, na huo unaazimika. Upande wa pili unaeleza ardhi ya mahali pako inaweza kutikisika kwa nguvu gani. Huo hauazimiki, ni lazima uupime mwenyewe.

Mwaka 1985 tetemeko lilipiga pwani ya Pasifiki ya Mexico, lakini maelfu walifia jiji kuu, zaidi ya kilomita 300 kutoka kitovu. Sehemu kubwa ya jiji hilo imekaa juu ya tope la ziwa la kale. Tope lilichezacheza polepole kama uji ndani ya bakuli, na mwendo wake ukawiana na ule wa majengo ya ghorofa sita hadi kumi na tano. Hayo ndiyo yaliyoumia zaidi, huku nyumba nyingi fupi za jirani zikibaki zimesimama. Mexico haikuficha vipimo vyake, na nchi nyingi zikarekebisha namna kanuni zao zinavyohesabu udongo. Sisi tunaojenga kando ya Ziwa Victoria tuna deni kwa wale waliofia kule.

Ushirikiano wa kimataifa unaleta nini zaidi ya mikutano? (Msomaji, Nairobi)

Mikutano nayo ina kazi yake. Wahandisi wa matetemeko wamekutana kidunia tangu ule wa Berkeley, California, mwaka 1956. Ila faida kubwa huja pale nchi inapokubali wengine waje kukagua yaliyoiangukia.

Tarehe 17 Januari 1994 tetemeko lilipiga Northridge, California. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, likapiga Kobe, Japani, na watu zaidi ya 6,400 wakafa. Katika sehemu zote mbili majengo ya fremu za chuma, yaliyoaminiwa kuliko mengine, yalikutwa na nyufa kwenye maungio ya boriti na nguzo, pale palipochomelewa. Nyingine zilijificha nyuma ya dari na kuta, hazikuonekana mpaka mafundi walipobandua. Nchi mbili mabingwa zilikuwa zimekosea mahali pamoja! Zikakaa, zikalinganisha, zikabadili maungio na uchomeleaji. Mwaka 2005 Japani ikafungua huko Miki meza kubwa ya kutikisia majengo, E-Defense, yenye uwezo wa kubeba tani 1,200. Mwaka 2009 Wamarekani walitikisa jengo zima la mbao juu ya meza hiyo, Wajapani wakiwa pembeni yao.

Na madaraja? (Msomaji, Kigoma)

Mwaka 1971, huko San Fernando, California, vipande vya madaraja viliteleza na kuanguka kwa sababu mahali vilipokalia palikuwa pembamba mno. Dawa yake si ghali: panua kikalio, funga vipande kwa kebo. Kobe nako mita 635 hivi za barabara ya juu zililala ubavu. Baadhi ya nondo za nguzo zake zilikuwa zimekatishwa kabla ya kufika juu, na nguzo zikavunjikia hapo.

Sisi wa Maziwa Makuu tumefika wapi? (Msomaji, Bukavu)

Kenya ilitoa kanuni yake mwaka 1973, Uganda mwaka 2003. Tatizo ni kwamba kila mtu anaandika kwake, wakati Bonde la Ufa ni letu sote. Tetemeko la Februari 2008 liliwaua watu huko kwenu na ng'ambo ya pili, Rwanda. Lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilizifunga shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, na wa Rakai, Uganda, nao wakabomokewa. Naona Jumuiya ya Afrika Mashariki ingefaa iwe na ramani moja ya hatari na vipimo vilivyo wazi kwa wote. Nasema hivi nikiwa na uchungu.

Mimi ni fundi nondo. Hayo yote yananihusu? (Msomaji, Mbeya)

Yanakuhusu kuliko yanavyonihusu mimi. Shika ringi ya nguzo, ile nondo nyembamba inayozungushwa kuzifunga nondo za wima, uitazame ncha zake. Zikipindwa kona mraba tu, nyuzi 90, kinachozizuia zisifunguke ni zege jembamba la nje. Tetemeko likiendelea, zege hilo hupukutika, ringi hufunguka, nondo za wima hubenuka, na nguzo husagika. Zikipindwa nyuzi 135, ncha huingia katikati ya nguzo na kushikwa na zege la ndani. Ndiyo maana utaikuta ncha hiyo katika kanuni za Marekani, New Zealand, Japani na Ulaya.

Hivi karibuni nilipita kwenye saiti moja ya ghorofa tatu, nikakuta ringi zote ni za kona mraba. Kijana aliyekuwa kwenye benchi la kupindia aliniambia ile nyingine inachelewesha kazi. Nikamwomba apinde tatu. Ya kwanza ilimsumbua, ya pili akairudia. Ya tatu ilimchukua muda uleule wa zile alizozizoea.