Picha nimeifuata sawasawa, mbona kiuno kinauma?

SWALI

Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 22, naishi Wete, Pemba, nina kilo 65. Mjomba wangu ameniachia kitabu cha Kiingereza cha kufundisha kunyanyua vyuma na kujenga misuli, kina picha za kila zoezi. Jimu sina, kwa hiyo nimetengeneza vyuma mwenyewe: bomba la maji la inchi moja, urefu mita mbili, nikajaza zege makopo ya rangi ya lita nne na kuyachomeka mawili kila upande. Ninalo bomba jengine kama hilo lenye kopo moja moja. Nina maswali manne. Zoezi la kunyanyua chuma kutoka sakafuni nalifanya kama picha inavyoonyesha, lakini kesho yake kiuno kinauma. Pili, kitabu kinasema anayeanza aanze na 65, na mimi chuma changu kizito sidhani kama kinafika hata kilo 50. Je, mimi ni dhaifu sana? Tatu, kinasema nitumie asilimia 70 ya uzito wa juu kabisa ninaouweza. Nitaujuaje? Na mwisho, naweza kulala chali sakafuni nikasukuma chuma juu nikiwa peke yangu? Protini za unga huku ni ghali, sinunui.

JIBU

Waalaykumu ssalaam mwanangu. Umefanya vyema sana kutaja vipimo vya vyuma vyako, kwa sababu jibu limo humo. Kitabu chako, kama vilivyo vingi vya aina yake, kimeandikiwa mtu aliyesimama mbele ya vyuma vya kiwandani. Mwandishi hakuona haja ya kueleza ukubwa wa vyuma hivyo, kwa kuwa msomaji wake anavikuta tayari ukumbini. Wewe unafuata mikono na miguu ya mtu wa pichani, lakini kilicho mbele yake na kilicho mbele yako ni vitu viwili.

Tuanze na kiuno. Fungua tena picha ya kwanza ya zoezi lile, kisha usimtazame mtu, tazama chuma. Mtaimbo, yaani ile fimbo ya chuma anayoishika, haukulala sakafuni. Umebebwa na sahani mbili kubwa, yaani vile vyuma vya mviringo vya pembeni, na sahani za kipimo cha mashindano zina upana wa sentimita 45 kutoka ukingo hadi ukingo. Mtaimbo unapita katikati yake, kwa hiyo unakaa sentimita 22 na nusu juu ya sakafu, kiasi cha katikati ya muundi. Kopo la rangi la lita nne lina upana wa kama sentimita 17. Bomba lako likipita katikati ya kopo linakaa sentimita 8 na nusu tu kutoka chini, karibu na kifundo cha mguu.

Hizo sentimita 14 zinazopungua ndizo zinazokuumiza. Mtu wa pichani anaushika mtaimbo huku mgongo wake umenyooka, kwa sababu nyonga na magoti yake yanatosha kumfikisha. Wewe unashuka, nyonga zinafika mwisho wa kukunjika, na mikono bado haijafika kwenye bomba. Kilichobaki kukunjika ni kiuno, basi kinakunjika, na hapo hapo unaanza kuvuta mzigo. Ukifanya hivyo mara kumi, kwa seti tatu, yaani mizunguko mitatu yenye mapumziko baina yake, misuli na kano za kiuno lazima zilalamike.

Dawa yake ni kuinua chuma. Laza tofali la inchi 6 chini ya makopo ya kila upande, kwa namna ambayo kimo chake kinakuwa hizo inchi 6, yaani sentimita 15. Jumlisha na zile 8 na nusu zako, unapata 23 na nusu, karibu sawa na pichani. Juu ya tofali tandika gunia lililokunjwa, makopo yasibiringike. Kabla ya kunyanyua, hakikisha matofali yamekaa sawa na hayatikisiki.

Wakati maumivu hayajaisha usiguse zege kabisa. Chukua mpini wa ufagio, uweke mgongoni kwa urefu, mkono mmoja uushike nyuma ya shingo na mwengine kiunoni. Mpini uguse pahala patatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa chini kabisa wa uti wa mgongo. Legeza magoti kidogo, kisha sukuma makalio nyuma huku kifua kikishuka. Pahala pamoja pakiachana na mpini, umeshakunja mgongo; rudi juu uanze tena. Utahisi misuli ya nyuma ya mapaja inavutika, na hiyo ndiyo inayotakiwa kufanya kazi. Fanya hivi kila siku, mara kumi au kumi na tano, mpaka mwili uweze kushuka bila ya kuukumbusha. Mwambie mdogo wako akupige video kwa simu, asimame ubavuni na simu iwe usawa wa kiuno chako. Video ya dakika moja itakuonyesha kosa ambalo kitabu hakiwezi kukuambia, maana kitabu hakikuoni.

Maumivu ya misuli ya kawaida hupungua ndani ya siku mbili tatu. Lakini yakishuka mguuni kupita goti, au ukahisi ganzi, au mguu ukakosa nguvu, acha mazoezi uende hospitali, ya Wete hapo ulipo au Abdalla Mzee Mkoani. Mkojo ukikataa kutoka au ukatoka bila ya kuuhisi, au ukapata ganzi baina ya mapaja, usingoje kuche.

Sasa hiyo 65. Angalia pembeni ya namba au juu ya jadweli, naamini utaona herufi lb. Hizo ni ratili, si kilo, na vitabu vya Marekani karibu vyote vinapima hivyo. Ratili moja ni kilo 0.45, kwa hiyo 65 yao ni kama kilo 29 na nusu. Tuhesabu chako. Zege lina uzito wa kama kilo 2.4 kwa lita, hivyo kopo la lita nne lililojaa linakaribia kilo 9 na nusu. Makopo manne ni 38, na bomba la inchi moja la mita mbili ni kama kilo 5. Jumla 43. Wewe si dhaifu, mwanangu. Ulikuwa unaanza na kilo 13 zaidi ya alizopangiwa anayeanza, na unazichukua kutoka chini zaidi kuliko yeye.

Hata hivyo usiamini hesabu yangu kuliko mizani. Peleka chuma dukani kipimwe, na upime kila upande peke yake. Zege lililochanganywa kwa mkono halilingani, kopo moja linaweza kuwa na kokoto nyingi kuliko jengine, na mwili unaovuta mzigo uliolemea upande mmoja hujipinda bila ya mwenyewe kujua. Tena kumbuka kwamba kitabu kikisema «mtaimbo mtupu» kinakusudia kilo 20, ndio uzito wa mtaimbo wa wanaume wa mashindano. Bomba lako tupu ni robo ya huo. Unene nao si mmoja: mtaimbo ule ni milimita 28, bomba lako kwa nje ni kama 33. Ukiona vidole vinachoka kabla ya mgongo na miguu, sababu ni hiyo.

Kuhusu asilimia 70, nakuomba usijaribu kabisa kutafuta uzito wa juu unaouweza mara moja tu. Hilo ni jaribio la mtu aliyekwisha kuzoea, mwenye wasaidizi pembeni. Ipo njia ya kukisia: chukua uzito unaouweza mara kumi, gawa kumi kwa 30, jumlisha moja, kisha zidisha kwa uzito huo. Tuseme unachuchumaa na bomba la makopo mawili, kilo 24, mara kumi na hapo umefika mwisho. Uzito wako wa juu unakisiwa kuwa 32, na asilimia 70 ya 32 ni 22 na kitu. Umezunguka kote huko ukarudi pale pale ulipokuwa! Ndiyo maana anayeanza simpi asilimia. Katika miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akiwatibu askari walioumia magoti, naye alijenga mpango wake juu ya uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua mara kumi: seti ya kwanza nusu yake, ya pili robo tatu, ya tatu wote. Njia hiyo inakufaa mpaka leo, kwa sababu seti mbili za mwanzo zinakupasha moto viungo na kukukumbusha mkao.

Kwa hiyo chagua uzito ambao mara ya tisa na ya kumi ni nzito, lakini kwenye video zinafanana na ya kwanza. Pumzika dakika mbili mpaka tatu baina ya seti. Siku tatu kwa wiki zinatosha, zisifuatane: Jumamosi, Jumatatu, Jumatano. Na siku uliyopanda juu ya mikarafuu kuchuma karafuu tangu asubuhi mpaka alasiri ihesabu kuwa siku ya mazoezi, usirudi nyumbani ukaingia kwenye chuma.

Tatizo utakalokutana nalo ni kuongeza. Kutoka kopo moja kila upande kwenda mawili unaruka kilo 19 kwa mpigo, na hapo ndipo vijana wengi wanaotumia zege wanapoumia. Tumia chupa za maji za lita moja na nusu. Ikijaa maji ni kilo moja na nusu, ikijaa mchanga mkavu ni kama kilo 2.4. Ifunge kila upande, karibu na kopo, kwa mpira wa tairi uliokatwa vipande, uukaze usicheze. Bomba la kilo 24 na chupa mbili za mchanga linafika karibu kilo 29, na hapo ndipo kitabu chako kilipotaka uanzie. Ukifikisha mara kumi na mbili kwa seti zote tatu, siku mbili za mazoezi zikifuatana, ongeza chupa mbili za maji. Andika kila siku kwenye daftari: tarehe, kilo, mara ngapi. Bila ya daftari utakuwa unabahatisha.

Protini usihangaike. Kwa anayejenga misuli, gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili inatosha, yaani kama gramu 100 kwa siku kwako. Samaki, pweza, dagaa, mayai, kunde na choroko vinakufikisha huko, ukivigawa kwenye milo yote badala ya kungojea mlo wa usiku.

Kusukuma chuma ukiwa umelala chali peke yako: hapana. Rudi kwenye zile sahani za sentimita 45. Mtu aliyelala sakafuni na chuma cha aina hiyo, mikono ikimshinda, sahani zinatua chini kwanza na mtaimbo unabaki juu, kiasi cha kumwachia nafasi ya kujitoa. Makopo yako yanaliweka bomba sentimita 8 na nusu kutoka sakafuni, na kifua chako ukilala ni kinene kuliko hapo. Likikushinda litakukalia kifuani au shingoni, na makopo hayatafika chini kukuokoa. Kwa sasa piga pushapu. Ukizimudu ishirini bila ya kiuno kushuka, weka miguu juu ya lile tofali; ukizimudu na hizo, mpe mdogo wako mfuko wa mchanga wa kilo tano auweke baina ya mabega yako. Siku utakapopata benchi lenye nguzo za kuegeshea chuma, na mtu mzima wa kusimama kichwani kwako, niandikie tena tupange zoezi hilo upya.