Sikio la mjukuu ndani ya simu

SWALI: Daktari, mjukuu wangu wa miaka miwili ana mafua, na usiku hulia akilishika sikio la kulia. Kijana wangu ametununulia kikamera cha sikio kinachounganishwa na simu. Nimepiga picha, naona rangi ya kahawia tupu. Je, mtaalamu aliye mbali anaweza kujua tatizo?
Bibi Asiyelala

JIBU: Shikamoo bibi, na pole kwa kukesha. Kwa picha hiyo, hawezi. Kahawia hiyo huenda ni nta, au kamera imeelekea ukuta wa tundu la sikio badala ya kwenye kiwambo, ngozi nyembamba iliyo mwisho wa tundu hilo. Mimi husoma picha hizi kila wiki, na nyingi hukwamia hapo hapo.

Mtoto apakatwe na mtu mzima, kichwa kikiegemea kifua. Vuta ndewe taratibu, chini na nyuma; kwa mtu mzima tungevuta sikio juu na nyuma. Egemeza mkono wako shavuni mwake, ili akishtuka mkono uende naye. Ncha iingie kidogo tu. Akigoma, acha, na nta usiichokonoe kwa pamba. Rekodi video fupi ya masikio yote mawili, maana lile lisilouma ndilo hunisaidia kulinganisha.

Kiwambo kizima kina rangi ya kijivu cha lulu, na kwenye sikio la kulia mwale mdogo wa mwanga hung'aa chini, penye namba 5 ya uso wa saa. Kikiwa chekundu na kimetuna, nashuku maambukizi ya sikio la kati. Wekundu peke yake haunitoshi, kwani kilio nacho hukifanya kiwe chekundu. Ndiyo maana nitauliza habari za homa, usaha na siku alizougua.

Majimaji yaliyo nyuma ya kiwambo ni magumu zaidi kuyaona. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliitumia simu yenye faneli ya karatasi kupiga milio mifupi sikioni na kusikiliza mwangwi wake. Ikayatambua majimaji kwa usahihi wa takriban asilimia 85. Inatia moyo kweli, ila haisemi kama kuna maambukizi.

Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, uso umepinda, shingo imekakamaa, au betri ndogo imeingia sikioni, usingoje jibu la simu. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Na kabla kiwambo hakijaonekana, usitie mafuta wala matone: kikiwa kimetoboka, baadhi ya dawa huharibu usikivu.