Kuila nitaila, ila haitanilisha

Habari za kazi mhariri, na salamu kwa wasomaji wenzangu. Swali lenu la wiki hii, "Ukiletewa nyama iliyokuzwa maabara, utaila?", nililisoma usiku nikiwa nasubiri supu ichemke, asubuhi yake nikawauliza wateja wangu, maana mi nauza supu ya makongoro, yani miguu ya ng'ombe, Temeke mwaka wa 11 sasa na nyama ndo inayosomesha wanangu, kwa hiyo swali kama hilo siwezi kulipita hivihivi.

Jibu langu: kuila nitaila, ila haitanilisha. Ngoja nieleze.

Kwa ambao hawajafuatilia, hii sio soya. Wanachukua seli za mnyama wanaziweka kwenye tenki la chuma lenye maji yaliyochanganywa sukari, vitamini, chumvichumvi na virutubisho vya protini, joto linakuwa kama la mwili, seli zinazaana mpaka zinakuwa nyama. Baga ya kwanza ya namna hiyo ililiwa London Agosti 2013, ya profesa Mark Post wa chuo kikuu cha Maastricht kule Uholanzi, ilitumia euro 250,000, baga moja tu, na walioionja walisema ni nyama kweli ila kavu, haina mafuta. Singapore wakaruhusu kuku wa hivyo auzwe Desemba 2020, Marekani wakafuata 2023. Italia wao wakapitisha sheria ya kuipiga marufuku mwishoni mwa 2023 na majimbo ya Florida na Alabama yakafanya hivyo 2024, na ukisikiliza hoja zao kubwa ni kulinda wafugaji wao.

Sasa wateja. Dogo mmoja wa bodaboda aliuliza kitu kimoja tu, kilo shilingi ngapi, ikiwa chini ya ya bucha anakula. Dada wa saluni akasema hapana kabisa, kuku wa kisasa tu anawaogopa madawa sembuse nyama ya kwenye tenki. Halafu kuna mzee wangu mmoja huwa anapita akitoka swala ya alfajiri, yeye aliweka kijiko chini akaniangalia, "Mwanangu, kachinja nani?" Nikamwambia mzee hiyo haichinjwi. Akasema, "Basi huo mzoga," akaendelea kunywa supu yake.

Wenzake walicheka lakini mi sikucheka, kwa sababu nimesoma na nimeona mzee kagusa penyewe. Kwenye Uislamu kipande kilichokatwa kwa mnyama aliye hai hukumu yake ni ya mzoga, na hizi seli mara nyingi zinachukuliwa kwa mnyama aliye hai. Ndo maana kampuni moja ya Marekani ilipowauliza masheikh watatu wa Saudia mwaka 2023 wakajibu inaweza kuwa halali kama seli zimetoka kwa mnyama halali aliyechinjwa kisheria, na kama kile inacholishwa nacho ni halali. Singapore nao baraza lao la fatwa 2024 wakasema inafaa kwa masharti. Hilo la kulishwa sio dogo, hapo mwanzo seli zilikuwa zinakuzwa kwa seramu inayotokana na damu ya ndama aliyekutwa tumboni mwa ng'ombe aliyechinjwa, damu jamani, siku hizi kampuni nyingi zinajitahidi kuiacha. Kwa hiyo hata ikitoka kwenye tenki bado swali la mzee liko palepale, yule mnyama wa kwanza kachinja nani?

Na wanaosema hayo ni mambo madogo wakumbuke mwaka 2013, mwaka uleule ambao London walikuwa wanakula baga isiyotokana na kuchinja, kule Buseresere Geita Waislamu na Wakristo waligombana kuhusu nani ana haki ya kuchinja mpaka mchungaji wa kanisa akauawa. Inaniuma mpaka leo. Kwetu nyama ni mkono uliochinja kabla haijawa protini, na hao wataalamu wakija kutuuzia kwa habari za protini peke yake watakuwa wanaongea na ukuta.

Afu kuna suala la kuamini. Mwaka 2007 ilipokuja ile homa ya bonde la ufa, ugonjwa wa mifugo unaowapata na binadamu, na watu zaidi ya 100 wakafariki nchini, mi nilikuwa bado nakaa kwa mama yangu mdogo anauza mishkaki, aisee tulikaa siku nyingi nyama inarudi ndani, watu wote wamehamia samaki na kuku. Redio ilikuwa inaeleza kila siku lakini wateja waliorudi walirudi kwa sababu mama mdogo alikuwa anawaonesha muhuri wa mkaguzi kwenye paja kabla hajakata. Walimwamini yeye na ule muhuri. Nyama ya tenki muhuri wake atagonga nani, na mi nitamwonesha nini mteja?

Ila nije kwenye lile nililosema halitanilisha, maana hapa ndo roho yangu ilipo na sijaona mtu analiongelea. Tenki linatoa minofu. Basi. Mi miguu inanijia na manyoya yake, naibabua kwenye moto wa mkaa mpaka ngozi inakuwa nyeusi, naikwangua kwa kisu, kwato nazing'oa zikiwa bado za moto maana zikipoa hazitoki, nakata kwa shoka, inaingia sufuriani saa 2 usiku na kufika saa 11 alfajiri mfupa umeachia wenyewe na ute umetoka, ukishika vidole vinanata. Unakamulia ndimu, pilipili, chapati pembeni. Anayekunywa ni mbeba mizigo ambaye steki haiwezi, ni mama aliyejifungua katumiwa chupa na mama mkwe, ni fundi anayeshinda hapo mpaka jioni hajala kitu kingine. Hiyo nyama utaikuzia kwenye tenki gani?

Na ng'ombe ana miguu minne tu. Mguu ninaonunua mimi upo kwa sababu kuna hoteli mahali fulani imenunua sarara, yani mwenye hela ndo anasababisha ng'ombe achinjwe afu sisi tunapata kichwa, utumbo, makongoro. Siku hoteli zikihamia kwenye tenki ng'ombe wanaochinjwa watapungua, na mguu hautashuka bei, utapanda. Tanzania tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30, nyuma yao kuna mfugaji, dereva wa lori, mchuna ngozi, muuza utumbo, mimi. Hoja ya wale wa Italia ya kumlinda mfugaji naielewa kabisa, ila hata wao sijasikia wamemtaja muuza miguu.

Pamoja na hayo sitaki ipigwe marufuku hapa. Nimeenda mnada wa Pugu mara nyingi, nimeona ng'ombe wanashushwa kwenye lori wamesimama safari nzima, mwingine ameanguka na wenzake wamemkanyaga, hawezi kuinuka, anavutwa mkia. Mtu akiniambia kuna njia ya kula nyama bila hayo siwezi kumwambia funga mdomo. Nitaionja, nitaitafuna vizuri, nitasema ukweli.

Ninachoomba ni kimoja na naomba waziri anayehusika akisome. Hii nyama inapatikana kirahisi zaidi ikiwa ya kusaga, kwa hiyo haitaingia kwetu ikiwa kwenye sahani ya steki, itaingia ndani ya soseji, ndani ya baga, ndani ya sambusa na katlesi, huko ambako hakuna mtu anauliza. Yule mzee wangu wa alfajiri atakula sambusa ya 500 kituoni bila kujua. Kwa hiyo iandikwe kwenye pakiti, kwa Kiswahili, maandishi makubwa, mnyama gani, seli zimetoka wapi, aliyechinjwa au aliye hai, na muuza sambusa anayenunua hiyo pakiti naye alazimike kumwambia mteja kabla hajapokea hela.