Kuwakutanisha Kant na Mill Darasani: Ushauri kwa Mwalimu Mpya wa Falsafa

Mwalimu unayeanza kufundisha falsafa, mdahalo wa kubuni kati ya wanafalsafa ni zoezi litakalokufaa sana, ila usilitangaze kwa mada pana kama vile "Kant na Mill kuhusu maadili", kwa sababu utapata hotuba mbili zinazopishana bila kukutana. Wape wanafunzi swali moja jembamba: muuaji anabisha hodi na kuuliza kama rafiki yako amejificha ndani, je, inaruhusiwa kumdanganya?

Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani aliyeshikilia kuwa wajibu haupimwi kwa matokeo, alilijibu swali hilo mwaka 1797, akimpinga mwandishi na mwanasiasa Benjamin Constant, na jibu lake lilikuwa hapana. John Stuart Mill, Mwingereza aliyepima matendo kwa furaha yanayoleta, alizaliwa mwaka 1806, miaka miwili baada ya Kant kufariki, kwa hiyo mwanafunzi hana mazungumzo yao ya kunakili. Hana budi kuyajenga kutokana na misingi ya kila mmoja.

Tarajia kwamba anayeshika nafasi ya Mill atakimbilia kusema kuwa uongo unaruhusiwa kila unapoleta faida. Mrudishe kwenye maandishi. Mill aliuona ukweli kuwa kanuni inayobeba kuaminiana kwa jamii nzima, akakubali ivunjwe kwa nadra tu, kwa mfano katika kumnyima mwovu habari ili mtu asiye na hatia anusurike, na hata hapo alitaka mipaka ya ruhusa hiyo ibainishwe. Anayemwakilisha Kant naye asimfanye kuwa mtu asiye na huruma, maana hoja yake ina makali: ukisema rafiki hayumo, kumbe ametoka bila wewe kujua, na muuaji akaondoka mlangoni na kumkuta njiani, lawama ya kifo hicho yaweza kukuangukia wewe.

Sharti ninalolisimamia kuliko yote ni kwamba hakuna anayejibu kabla ya kuirudia hoja ya mpinzani kwa maneno ambayo mpinzani mwenyewe atayakubali. Hatua hii hula muda, na wanafunzi wepesi wa kusema huichukia, lakini bila hiyo kila upande hushambulia hoja ambayo haikutolewa na mtu. Majoho na sauti za kuigiza siyakatazi, ingawa sijaona yakimsaidia yeyote kuelewa.

Usipige kura ya kumtafuta mshindi. Waagize wabadilishane nafasi, kisha kila mmoja aandike aya moja kuhusu hoja iliyomshinda kujibu, na alama nyingi zitoke katika aya hiyo kuliko katika ufasaha wa kuzungumza.